Piano ya kwanza: pesa kidogo zitumike wapi?

Mtu anayeanza kujifunza piano hukabiliwa na uamuzi mzito kabla hata hajalijua somo la kwanza: anunue chombo gani, na kwa kiasi gani. Akikosea, aghalabu huja kudhani kwamba hana kipaji.

Nayasema haya kwa kuwa yamenikuta. Tulipokuwa tunaishi ghorofa ya tatu mjini London, nilimnunulia binti yangu kibodi ya bei nafuu yenye vibonye 61. Fedha hizo tulikuwa tumezitenga kwa karo ya mpwa wangu nyumbani, nami nikajipa moyo kwamba zingerudi mwezi uliofuata.

Kabla ya mwaka kwisha, mwalimu wake aliniita kando. Alisema mtoto ana sikio zuri la muziki, ila vidole vyake havina nguvu, na kila akikalia piano ya mwalimu sauti hutoka nusu au haitoki kabisa. Kosa halikuwa la mtoto. Karo ilichelewa miezi minne, na chombo chenyewe hakikufaa.

Suala la nyundo

Mtaliano Bartolomeo Cristofori alipoibuni piano mjini Florence, mnamo mwaka 1700 hivi, jambo jipya lilikuwa nyundo. Kila kibonye kinapobonyezwa, nyundo ndogo huruka na kugonga nyuzi kisha hurudi nyuma. Ukibonyeza taratibu sauti huwa laini, ukibonyeza kwa kishindo sauti huwa kubwa. Jina la pianoforte lina maana hiyo hasa: laini na nguvu.

Piano ya kidijitali haina nyuzi. Sauti yake imerekodiwa kutoka kwenye piano halisi na kuhifadhiwa ndani. Lakini iliyo nzuri ina nyundo au vipande vya uzito chini ya vibonye, na upande wa sauti nzito vibonye huwa vizito zaidi kuliko upande wa sauti nyembamba, kama ilivyo katika piano ya nyuzi. Hapo ndipo vidole hujifunza kazi.

Wauzaji hupenda kuchanganya mambo hapa. Watakuambia kibodi yao “inahisi mguso”, nayo ni kweli: ukibonyeza kwa nguvu sauti huongezeka. Hata hivyo, chini ya kibonye kuna springi tu. Wengine husema kibonye “kina uzito nusu”, na hiyo pia ni springi, ila ngumu kidogo. Unachopaswa kuuliza ni kimoja: je, ina vibonye 88 vyenye mtambo wa nyundo? Jibu likizungukazunguka, ondoka.

Hesabu hiyo ya 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36, si urembo. Anayeanza hatavigusa vyote mwaka wa kwanza, lakini ni nadra kupata mtambo wa nyundo katika kibodi fupi ya bei ya chini.

Cha kulipia na cha kuacha

Miongoni mwa piano za daraja la chini zilizopata sifa kwa wanaoanza ni Yamaha P-45 na mrithi wake P-145, Roland FP-10 na Casio CDP-S100. Zikiwa mpya, nchini Uingereza bei ya piano za aina hii huwa karibu na pauni 400. Kwa maoni yangu FP-10 ndiyo yenye vibonye vinavyokaribia zaidi piano halisi, ingawa spika zake si za kujivunia.

Utaona pia tarakimu inayotaja sauti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. P-45 ina 64, FP-10 ina 96. Idadi hiyo ikijaa, chombo hukata sauti za mwanzo ili kupisha mpya. Kwa anayeanza 64 zinatosha, na wala asilipe zaidi kwa ajili hiyo.

Mamia ya midundo na sauti za filimbi, tarumbeta na ngoma ni ya kuacha. Natoa udhuru kwa mpiga kinanda wa taarabu au wa kwaya ya kanisa: yeye anaihitaji midundo, na kibodi nyepesi ya kubeba kwapani inamfaa kuliko piano ya kilo 11 au 12. Hiyo ni kazi nyingine.

Tenga pesa za vitu vitatu: stendi isiyoyumba, pedali ya umbo la kukanyagia badala ya kile kisahani cha plastiki kinachokimbia sakafuni, na vipokea sauti vya masikioni. Hivi vya mwisho ndivyo vilivyoleta amani na jirani yetu wa chini, maana binti hufanya mazoezi usiku baada ya kazi za shule.

Ya mtumba na ya bure

Ya mtumba ndiyo niliyoinunua mara ya pili, kwa chini ya nusu ya bei. Nilibonyeza vibonye vyote 88 kimoja kimoja, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Kinachogonga kama ubao, kilicholala chini ya wenzake au kinachotoa sauti kubwa peke yake kina hitilafu. Jaribu pia tundu la pedali na la vipokea sauti.

Ughaibuni watu hugawa piano za nyuzi bure. Tahadhari. Ile ya kusimama ukutani huweza kupita kilo 200, wabebaji hudai malipo kwa kila ngazi, na fundi wa kusawazisha nyuzi lazima aje tena na tena. Katika joto na unyevu wa pwani yetu, mbao hufura na nyuzi hupoteza usawa upesi zaidi.

Anayetaka kupeleka piano nyumbani aangalie adapta kwanza. Iliyonunuliwa Marekani huenda imeandikwa volti 120 pekee. Ichomeke Mombasa au Dar es Salaam, penye volti 230 hadi 240, nayo itaungua. Iliyoandikwa 100–240 haina shida. Plagi ya Uingereza huingia moja kwa moja Kenya, Tanzania, Uganda na Oman, bali Bujumbura na Goma utahitaji ya pini za duara. Ukinunua adapta nyingine, linganisha volti na mchoro wa chanya na hasi uliochapwa karibu na tundu la piano, kwani kampuni hazifuati mpangilio mmoja.