Alama ya dola inavyoamua rangi katika daftari la karo

WAHAZINI wengi wa shule huweka hesabu za karo katika lahajedwali, aghalabu Excel, na hutaka tarakilishi iwaonyeshe kwa rangi wanafunzi walio na malimbikizo. Matakwa hayo ni ya haki, kwani jicho la binadamu huchoka upesi linapopitia majina 200. Hata hivyo, rangi hiyo ikipakwa visivyo, mwanafunzi aliyemaliza karo huenda akajikuta njiani kurudi nyumbani ilhali mwenye deni ameketi darasani.

Tuchukue daftari la kawaida. Safu A ina majina, B nambari za usajili, C karo inayotakiwa na D kiasi kilicholipwa. Mstari wa 1 ni wa vichwa; wanafunzi wako kuanzia mstari wa 2 hadi wa 201. Lengo ni mstari mzima, kutoka jina hadi malipo, ugeuke mwekundu pale D inapokuwa ndogo kuliko C.

Chagua visanduku vyote kuanzia A2 hadi D201, ukianzia juu kushoto. Chini ya "Home", bofya "Conditional Formatting", kisha "New Rule", na uteue chaguo la mwisho, lile la kutumia fomula. Andika =$D2<$C2, chagua rangi, kisha uthibitishe. Watumiaji wa Google Sheets wataipata huduma iyo hiyo chini ya "Format", na fomula haibadiliki.

Siri yote imo katika alama ya dola. Excel huisoma fomula kana kwamba imeandikiwa kisanduku cha kwanza, A2, kisha huisogeza kwa kila kisanduku kingine kwa kadiri kilivyo mbali na hicho. Dola iliyotangulia herufi huifunga safu isihame. Nambari ya mstari, kwa kuwa haina dola, huachwa huru ishuke, 3, 4, 5, kila mwanafunzi akapimwa kwa malipo yake mwenyewe.

Ondoa dola hizo uone vituko. Safu A itakuwa sahihi, lakini katika safu B fomula itakuwa imesogea hatua moja, ikilinganisha E na D. E ni tupu, na utupu huhesabiwa kuwa sufuri. Basi nambari ya usajili ya kila aliyelipa chochote, hata aliyemaliza, itakuwa nyekundu. Ukizidisha dola nako, =$D$2<$C$2, shule nzima itahukumiwa kwa deni la mwanafunzi wa kwanza. Kosa hili ni rahisi kutokea, maana ukibofya kisanduku badala ya kuandika, Excel yenyewe hutia dola mbili. Futa ile inayotangulia nambari.

Baya zaidi ni kosa lisiloonekana. Mhazini akichagua kuanzia A1, pamoja na vichwa, huku fomula ikitaja mstari wa 2, rangi hupanda hatua moja na kila mwanafunzi hubebeshwa deni la anayemfuata. Orodha itaonekana nadhifu, nyekundu na nyeupe zikiwa zimechanganyika kama ilivyotarajiwa, na hakuna atakayeshuku.

Mazoea yetu ya kuandika "12,000/-" nayo yana madhara. Mkwaju na kistari hugeuza kiasi kuwa maandishi, na katika kulinganisha, Excel huyahesabu maandishi kuwa makubwa kuliko nambari yoyote. Mwanafunzi huyo hatapakwa rangi hata akiwa na deni la Sh30,000. Andika 12000 tu. Kwa kawaida nambari hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maandishi kushoto, hivyo ni rahisi kuyatambua.

Anayetaka rangi ya pili, tuseme manjano kwa waliolipa zaidi ya nusu, aongeze sharti jingine. Masharti yakigongana, la juu hushinda. Excel ya 2003 iliruhusu masharti 3 pekee, kikomo kilichoondolewa katika toleo la 2007.

Kabla ya kuchapisha orodha, mtafute mwanafunzi asiye na deni aliye katikati na upunguze malipo yake kwa muda. Mstari wake ukigeuka mwekundu wote, na wake peke yake, fomula ni sahihi. Rudisha kiasi chake. Ukibadilika wa juu yake, ulianza kuchagua kutoka A1.