Msamaha wa Kodi Haukuizuia Friji Kuvuka Mpaka

Kila kiwanda cha vyombo vya nyumbani kinapotishia kuhama Marekani, viongozi huja na dawa zilezile mbili: unafuu wa kodi kwa mwenye kiwanda, au ushuru kwa bidhaa za nje. Ushahidi wa miaka 20 unaonyesha kwamba ya kwanza ni dhaifu na ya pili hulipiwa na mnunuzi. Greenville, Michigan, mji wa watu wapatao 8,000, ulikuwa na kiwanda cha friji kilichoajiri watu 2,700. Jimbo, mji na chama cha wafanyakazi waliahidi misamaha ya kodi na kukubali kulegeza madai ya mishahara. Kiongozi wa jimbo wa wakati ule amesimulia hadharani kwamba wakubwa wa kampuni walitoka nje kuijadili ofa hiyo, wakarudi baada ya dakika 17 kusema haitoshi, kwa kuwa Juárez, Mexico, wangelipa dola 1.57 kwa saa. Huyo ni mwanasiasa anayejitetea, na hesabu yake tuipokee kwa tahadhari. Lakini hata ukiuzidisha ujira huo mara tatu, pengo la mishahara halizibiki kwa msamaha wa kodi. Kiwanda kilifungwa 2006.

Wapo wanaosema kazi hizi zimemezwa na mitambo, si na Mexico. Kweli, mitambo imepunguza mikono viwandani. Haielezi, hata hivyo, kwa nini Galesburg, Illinois, ilipoteza kazi zipatazo 1,600 za kiwanda cha friji mwaka 2004 huku Reynosa, Mexico, ikiajiri watu kuunda friji. Friji ni boksi kubwa lenye hewa tupu ndani, kwa hiyo kuisafirisha kwa meli kutoka mbali ni ghali; kutoka Reynosa, lori huvuka daraja tu na kuingia Texas, na wakati ule liliingia bila ushuru chini ya mkataba wa biashara huria ulioanza 1994. Maofisa walioupigia debe mkataba huo waliahidi Wamarekani kazi mpya 200,000 ndani ya miaka miwili.

Ushuru wa mashine za kufulia wa 2018 ulisifiwa kuwa umerudisha viwanda, ilhali viwanda viwili vikubwa vya South Carolina na Tennessee vilikwisha kutangazwa 2017. Wachumi walioufuatilia walikadiria ajira mpya 1,800, kila moja ikiwagharimu wanunuzi dola 815,000 hivi kwa mwaka. Hata mashine za kukaushia, zisizotozwa ushuru huo, zilipanda bei, kwa sababu huuzwa kwa jozi na za kufulia.

Ushuru mpya unaweza kurudisha baadhi ya viwanda, hasa vya bidhaa nzito. Nina shaka kama vitarudi na wafanyakazi wengi. Fedha ambazo wanunuzi hulipa kwa sababu ya ushuru zingefaa zaidi kumlipia aliyeachishwa masomo na kumtunza anapotafuta kazi. Mpango wa serikali kuu uliofanya hivyo, ambao watu wa Galesburg waliutumia kurudi chuoni, umeacha kupokea waombaji wapya tangu Julai 2022, Bunge liliposhindwa kuuongezea muda.