Namba Nzima na Namba Kamili

Hesabu ya kwanza ya mwanadamu ni ya vitu avionavyo: mbuzi mmoja, mbuzi wawili, mbuzi watatu. Asiye na mbuzi husema ana sifuri. Sifuri pamoja na namba za kuhesabia, yaani 0, 1, 2, 3 na kuendelea bila mwisho, huitwa namba nzima.

Namba hizo hutosha kwa kujumlisha, lakini katika kutoa mara nyingine hushindwa. Tazama mfugaji wa Karatu aliye na mbuzi 5, naye anadaiwa mbuzi 8. Akiwatoa wote 5, zizi ni tupu, na deni lingali lipo. Je, amebakiwa na sifuri? La, maana mwenye sifuri hadaiwi kitu. Huyu yu chini ya sifuri kwa mbuzi 3, na hesabu yake huandikwa 5 − 8 = −3. Asipoliandika deni hilo, mwakani apatapo mbuzi 4 atadhani wote ni wake, kumbe wake ni mmoja tu.

Namba kama −1, −2 na −3 huitwa hasi. 1, 2 na 3 huitwa chanya. Sifuri si hasi wala si chanya, bali ni mpaka baina yao. Zote pamoja huitwa namba kamili. Brahmagupta wa Bara Hindi aliandika kanuni zake mwaka 628, akaziita chanya mali, na hasi madeni.

Tazama tena bonde la Ngorongoro. Ukingo wake uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sakafu yake kama mita 1,700. Mtu aufanyaye ukingo kuwa sifuri ataiandika sakafu −600. Bali aanzaye baharini ataiandika 1,700. Mahali ni pale pale. Kilichohama ni sifuri. Lakini Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kama mita 770 juu ya bahari, lina kina cha mita 1,470 hivi. Basi chini kabisa ni 770 − 1,470, yaani −700.

Kwa hiyo kila namba nzima ni namba kamili, lakini si kila namba kamili ni namba nzima. Kama vile kila mbuzi ni mnyama, lakini si kila mnyama ni mbuzi. Nusu na robo hazimo katika kundi lolote kati ya haya mawili.