Miaka 15, Kisha Siku 56

Siki ni siki. Ile unayonyunyizia kachumbari ina asidi kiasi cha asilimia 5 hivi, na ile iliyo kwenye chumba cha uchunguzi wa akina mama ni ya nguvu hiyo hiyo, asilimia 3 mpaka 5, ila hiyo imepimwa na kutunzwa kwenye chupa safi. Mama analala, muuguzi anapangusa mlango wa kizazi kwa pamba iliyochovywa kwenye siki, halafu anangoja. Dakika moja. Kisha anamulika. Sehemu yenye afya inabaki na rangi yake ya waridi. Seli zilizoanza kuharibika zimejaa protini kuliko jirani zake, na siki huigandisha protini hiyo kwa muda, kama ndimu inavyomgeuza samaki mbichi kuwa mweupe. Doa jeupe lenye ukingo unaoonekana wazi ndilo analolitafuta.

Akiliona, na likiwa dogo, anaweza kulimaliza hapo hapo. Zamani ilihitajika mitungi mizito ya gesi ya kugandishia, ambayo kuipandisha milima ya Burundi ilikuwa kazi ya lori. Siku hizi kuna kifaa cha betri, umbo lake kama tochi ndefu, ambacho ncha yake hupata joto la nyuzi 100 na kuunguza doa hilo kwa chini ya dakika moja. Mama anavaa, anarudi sokoni. Kule Mumbai, India, watafiti wa hospitali ya Tata Memorial waliwafuatilia wanawake 150,000 kwa miaka 12, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba katika kundi lililopimwa kwa siki, vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31.

Nimeanza na siki kwa sababu watu wakisikia habari ya hospitali kamili ya saratani, akili inakimbilia kwenye mashine. Wanawaza jengo la ghorofa, mlango mzito wa chumba cha mionzi, daktari aliyesomea ng'ambo. Vyote hivyo vinahitajika, na nitavifikia. Lakini saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini Burundi ndiyo inayoua wanawake kuliko saratani nyingine yoyote, ina tabia moja ya ajabu: haina haraka. Tangu kirusi kiingie mpaka saratani yenyewe iote, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa huweza kuwa 5 hadi 10. Muda wote huo ugonjwa uko kwenye doa ambalo chupa ya siki ingelionyesha.

Kwamba chanzo chake ni kirusi, hilo tumelijua juzi tu, na njia ya kulijua ilipita jirani kabisa na sisi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Punde akamwona mwingine, halafu akaanza kuwaona kila mahali. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu la Ford, wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki na ya Kusini kiasi cha kilomita 16,000 wakiuliza swali moja: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Jibu lilichora ramani. Karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa wa nyanda za chini na zenye joto, na ulitoweka ukishapanda mita 1,500 hivi. Kwa hesabu hiyo, nchini Burundi, Gitega iko pale pale kwenye mstari na Muyinga iko juu yake. (Siri ya mwinuko ilikuwa mbu: malaria hudhoofisha kinga ya mtoto na kuipa saratani hiyo nafasi.)

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakaona ndani yake kirusi ambacho hakijawahi kuonekana. Mjerumani Harald zur Hausen alijifunza kazi ya kusaka virusi kwenye uvimbe huo huo, kisha akajiuliza kama saratani ya mlango wa kizazi nayo haina mgeni wake. Wenzake wengi walikuwa wakimshuku kirusi mwingine kabisa, wa malengelenge. Yeye akashikilia HPV, jamii ya virusi vya chunjua. Mwaka 1983 akatangaza aina ya 16, mwaka uliofuata aina ya 18, na hizo mbili peke yake ndizo zinazoleta kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 2008.

Kirusi kikijulikana, chanjo huwezekana. Mwanzo ilikuwa dozi tatu, na kwa nchi zenye bajeti kama zetu hilo lilikuwa sawa na kuambiwa subirini. Waliolifupisha jambo hili ni watu wa kwetu. Nchini Kenya, kundi la watafiti akiwemo Nelly Mugo wa taasisi ya KEMRI liliwachanja wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, wengine kwa HPV na wengine, ili kulinganisha, kwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imezuia maambukizi ya kudumu ya aina 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Mwanza, ng'ambo tu ya Ngara kwa mtu wa Muyinga, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa dozi moja, mbili au tatu, na hata waliopata moja karibu wote walikuwa bado na kinga mwilini miaka miwili baadaye. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja inaweza kutosha. Sindano moja, kwa mtoto ambaye bado anaruka kamba.

Sasa tumchukue mama ambaye hakuchanjwa wala hakupimwa, kwa sababu hao ndio wengi. Ana miaka 46, anauza maharage katika soko la Muyinga. Ameanza kutoka damu baada ya tendo la ndoa. Hajamwambia mtu. Miezi inapita, harufu inaanza, dada yake anambana mpaka anasema. Hapa ile miaka 15 imekwisha, na saa nyingine imeanza kuhesabu.

Kitu cha kwanza anachohitaji ni kinyama, yaani kipande kidogo kama punje ya mchele kinachokatwa kwenye kidonda na kupelekwa kwa daktari wa patholojia. Kinatakiwa kitumbukizwe kwenye formalini mara kumi ya ukubwa wake, si kwenye maji, maana ndani ya maji kinaoza na mama atakatwa upya. Hapa ndipo kesi nyingi hufia kimyakimya. Muyinga wanampeleka Gitega, Gitega wanamwambia Bujumbura, jibu linachelewa, nauli inakwisha, mtu anarudi nyumbani kwenye mizizi na maombi. Tangu 2006 serikali ya Burundi inawatibu bure watoto walio chini ya miaka mitano na kina mama wanaojifungua. Mwanamke wa miaka 46 mwenye kidonda hayumo katika hesabu hiyo.

Jibu likitoka na ugonjwa umeshapita hatua ya upasuaji, tiba inayoponya ni mionzi pamoja na dawa. Dawa yenyewe inaitwa sisiplatini, na asili yake ni bahati. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Michigan, Marekani, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa vyuma vya platini. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu kama tambi. Umeme haukuwa na kosa; platini ndiyo iliyokuwa ikimomonyoka na kuingia majini. Seli isiyoweza kugawanyika ndiyo ndoto ya kila anayetibu saratani. Ardhi ya Musongati, kusini-mashariki ya Burundi, ina nikeli na ndani yake madini ya jamii ya platini, nami sijaacha kuona kinaya katika hilo: malighafi ya dawa iko chini ya miguu yetu na dawa yenyewe inatoka nchi nyingine. Mgonjwa huwekewa dawa hiyo mara moja kwa wiki, pamoja na maji mengi ya mshipani, kwa kuwa huchosha figo.

Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki tano hivi. Halafu inafuata ya ndani: chanzo kidogo cha mionzi kinaingizwa kwa mrija mpaka kwenye uvimbe, kikae dakika chache, kitolewe. Wasioijua huikwepa kwa aibu na hofu, ilhali bila hiyo nafasi ya kupona hushuka sana. Na yote, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, inatakiwa iishe ndani ya siku 56. Seli za saratani zilizonusurika zikipewa likizo huzaana upya, na kila siku inayozidi inapunguza nafasi ya mama huyu.

Kwa mgonjwa wa Burundi anayelazimika kuifuata mionzi nje ya nchi, siku 56 ugenini ni nyumba ya kupanga, chakula na umurwaza wa kumsindikiza, kwa Kirundi ndivyo anavyoitwa ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa. Kwa mtu wa Muyinga mlango wa karibu ulikuwa Rwanda, ambako mionzi inatolewa katika hospitali ya Kanombe tangu 2019. Januari 2024 Burundi ikafunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda. Imebaki njia ya Tanzania: upite Kobero, uvuke Kabanga, ushike Ngara hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, au uendelee hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Tangu Juni 2025 hata kivuko cha Busisi si kikwazo tena, kuna daraja la kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Kumtegemea jirani kuna hatari yake. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika pale Mulago, na kwa zaidi ya mwaka mzima wagonjwa wa nchi nzima, na wa majirani waliokuwa wakiitegemea, walibaki mikono mitupu.

Wapo watakaofika baada ya yote hayo kushindikana. Hao nao wana tiba. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha shirika la Hospice Africa Uganda, nalo likaanza kuchanganya mofini ya unga, dawa ya maumivu makali, na maji ili inywewe nyumbani kwa kijiko, kwa gharama ndogo. Mama alale usiku bila kulia, watoto wake nao walale.

Kwa wewe unayesoma ukiwa Gitega, Muyinga au popote: ukifika miaka 30, au 25 kama unaishi na VVU, ulizia kipimo cha siki au cha HPV, na ulizia chanjo kwa binti wa miaka 9 hadi 14. Damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, usiilalie hata wiki moja. Na ukikatwa kinyama, usiondoke bila kujua kimepelekwa wapi na jibu linatoka lini, kisha dai jibu hilo kwa maandishi na ulitunze pamoja na kitambulisho chako. Ukifika Bugando au Ocean Road, karatasi hiyo ndiyo utakayoulizwa kwanza.