Asilimia sabini na nne ya nini?

Mwaka jana nilipewa kazi iliyoonekana ndogo: kuandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa maelekezo, ubandikwe kwenye mlango wa chumba cha seva hapa Fungurume. Chumba ni cha ofisi moja inayohifadhi data. Kina makabati mawili na viyoyozi viwili, basi. Maelekezo ya zamani yalikuwa ya Kifaransa, na papa anayelinda usiku husoma Kiswahili. Nilikuwa pia na sababu yangu ya kukubali. Ndani ya kabati la pili wamenihifadhia, bila malipo, rekodi za wazee wanaosimulia kwa Kisanga, saa 41 za sauti. Wawili kati ya wazee hao wamekwisha kufariki.

Joto halikunipa taabu. Seva hugeuza karibu umeme wote inaotumia kuwa joto. Seva kumi za wati 400 kila moja ni sawa na pasi nne za umeme zilizoachwa zikiwaka mchana na usiku katika chumba kilichofungwa. Kuran ikikatika, seva huendelea kwa betri lakini klima huzimika, na mpaka grupu iwashwe joto linakuwa limepanda kwa dakika chache tu. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa mitambo ya joto na baridi, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Neno la kushika hapo ni "inayoingia". Kipimajoto kilichotundikwa chini ya klima hupima ubaridi wa klima yenyewe. Kinatakiwa kukaa mbele ya kabati, na kingine kikae juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Hata wakubwa hukamatwa: tarehe 19 Julai 2022, London ilipopita nyuzi 40, mitambo ya kupoza ililemewa katika vituo vya Google na Oracle, na baadhi ya huduma zao zikakatika.

Yote hayo papa aliyaelewa mara moja. Kosa langu lilikuwa mstari wa nne: "Unyevu ukizidi asilimia 60, piga simu."

Usiku mmoja wa Desemba, mvua ikinyesha tangu jioni, kipimo kilionyesha 74. Daftari la zamu lina mwandiko wa papa: saa 8 usiku, unyevu 74, nimeangalia, sawa. Asubuhi fundi alikuta matone kwenye bomba la klima lililopita juu ya kabati la pili, na maji yameshadondokea ndani. Rekodi zangu zilikuwa kwenye diski mbili katika kabati hilohilo. Moja ilikufa.

Nilimuuliza papa kwa nini hakupiga simu. "Ee mwana yangu, nilipapasa chini pote. Mayi hapana."

Alikuwa amesoma sawasawa. Unyevu, kwa yeyote aliyekua na Kiswahili cha huku, ni wa kitu unachoweza kukigusa: udongo, ukuta, nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Mimi nilitoa neno kwenye kamusi, nikaliweka mahali pa humidité, nikafikiri kazi imekwisha. Na ile asilimia ilizidi kuharibu. Asilimia 74 ya nini? Mtu mwenye akili timamu anayeiona namba hiyo katika chumba kikavu ataamini macho yake, ataiacha mashine.

Jibu lake ni hili. Hewa ya moto ina nafasi kubwa ya mvuke wa maji, hewa ya baridi ina nafasi ndogo. Asilimia haihesabu maji. Huonyesha nafasi iliyopo imejaa kiasi gani. Fikiria ndoo inayosinyaa huku maji yake yakibaki yaleyale. Chukua hewa ya nyuzi 27 yenye asilimia 50, uipoze hadi nyuzi 20 bila kuongeza tone: kipimo kitasoma kama 76. Kitu chochote ndani ya chumba chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 15 hivi kitaanza kupata umande. Ndiyo maana chupa ya Simba iliyotoka friji hutokwa jasho mezani hali meza ni kavu. Bomba la klima ni chupa hiyo.

Kiangazi kina shida yake iliyo kinyume. Juni na Julai hewa hapa hukauka sana, vumbi jekundu la barabara ya Kolwezi huingia popote, na mtu akitembea kisha akagusa chuma hupata cheche ndogo. Cheche hiyo, ambayo kidole huisahau mara moja, yaweza kuua kifaa cha seva. Kwa hiyo namba ina kikomo cha chini pia, ingawa ni cha masika ndicho kilichonigharimu.

Fundi alinifundisha jambo jingine ambalo nimelipenda. Ili kujua kama hewa ya chumba inakula vyuma, huwekwa ndani kipande chembamba cha shaba, kisha hupimwa imeoza kiasi gani kwa mwezi. Kiwango kinachokubalika ni chini ya angstromu 300, yaani sehemu 300 za bilioni kumi za mita. Unyevu na gesi zenye salfa huharakisha kuoza huko. Tunaoishi juu ya shaba hatukuwa na kipande kimoja chumbani.

Mstari wa nne tuliuandika upya pamoja, mimi na papa. Yeye alipendekeza "mupepe ikibeba mayi". Nilibishana kidogo kwa ajili ya Kiswahili sanifu, na sioni fahari kukumbuka hoja zangu. Sasa mlangoni pameandikwa: "Hewa hubeba maji yasiyoonekana. Namba ikipita 60, piga simu, hata kama chini ni kukavu."

Mwezi wa pili mwaka huu alipiga simu saa 9 usiku. Namba ilikuwa 66. Fundi alikuta mpira wa kutolea maji ya klima umeziba kwa tope.