Kwa nini uwanja wa gofu hufungwa ilhali theluji imeshayeyuka?

Chukua jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Mwezi wa nne umefika, theluji imeyeyuka, jua linawaka, na wachezaji wana hamu baada ya miezi ya kukaa ndani. Lakini getini kuna kibao: uwanja umefungwa. Ni rahisi kudhani wahudumu ni wavivu tu. Kumbe chini ya zile nyasi kuna mambo ambayo macho hayayaoni.

Tuanze na udongo. Wakati wa baridi kali, udongo wa huko unaweza kuganda hadi zaidi ya mita 1 kwenda chini. Joto likirudi, kuyeyuka kunaanzia juu. Kwa hiyo zipo siku ambazo sentimita chache za juu ni tope, na chini yake kuna tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Maji hayana pa kwenda. Mtu akikanyaga hapo, tope linateleza juu ya lile tabaka gumu na mizizi inakatika. Siku hiyo huoni kitu. Madhara hujitokeza kiangazi, pale nyasi zenye mizizi mifupi zinaposhindwa kufikia maji.

La pili ni sakitu, yaani ule umande ulioganda asubuhi. Seli za jani zinakuwa na barafu, na uzito wa kiatu unazipasua. Baadaye alama za nyayo zinabaki pale zikiwa za kahawia. Ndiyo maana hata uwanja uliofunguliwa huchelewesha wachezaji hadi jua liyeyushe sakitu.

Sasa swali kubwa: je, nyasi zenyewe ziko hai? Barafu ikifunika nyasi kwa wiki nyingi, hewa haipiti. Mmea unaendelea kupumua polepole, oksijeni inapungua, na gesi hatari zinajikusanya. Kuna mtego mwingine pia. Siku chache za joto huufanya mmea unyonye maji, halafu usiku baridi kali inarudi. Maji hayo yanaganda ndani ya kishina kilicho kwenye usawa wa udongo, mahali majani na mizizi inapoanzia. Kishina kikifa, mmea wote umekwisha. Nyasi iitwayo Poa annua hudhurika upesi. Bentigrasi ni ngumu zaidi.

Ili wasibahatishe, wahudumu hukata vipande vidogo vya nyasi pamoja na udongo wake, wakaviweka ndani penye joto na mwanga. Vikichipua, vizuri. Visipochipua, wanajua mapema kwamba watahitaji mbegu.

Wanatafuta pia ukungu wa theluji. Huu ni ugonjwa wa kuvu kama Typhula, ambao hustawi chini ya theluji, kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0. Theluji ikiondoka, unaona mabaka ya duara. Wanayachambua kwa reki ili hewa na mwanga vipite.

Mabomba ya kumwagilia nayo yana masharti yake. Yalitolewa maji kabla ya baridi ili yasipasuke, na sasa yanajazwa taratibu. Ukifungulia kwa pupa, hewa iliyonaswa ndani na kishindo cha maji vinaweza kuyapasua.

Na kukata nyasi je? Kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo, msimu ukikolea nyasi hukatwa hadi kama milimita 3. Mwanzoni wanaziacha ndefu kidogo, kwa sababu jani ndilo jiko la mmea: ukilipunguza mno, mizizi inakosa chakula.

Kwa hiyo anayeamua siku ya kufungua hatazami joto la hewa peke yake. Anachomeka kipimajoto ardhini. Mizizi ya nyasi hizi hukua vizuri udongo ukiwa na nyuzi 10 hadi 18 za Selsiasi, na udongo hupata joto polepole kuliko hewa. Ndiyo maana mchezaji anaweza kuvua koti leo, na bado akaambiwa asubiri. Wiki moja ya subira sasa huokoa nyasi za msimu mzima.