Ribiti Moja, Watu Wawili: Klabu za Wajenzi wa Ndege za Nyumbani (Sehemu ya Pili)

Kupiga ribiti za bawa ni kazi isiyomkubali mtu mmoja. Bawa likishafunikwa bati upande wa juu na kuanza kufungwa upande wa chini, fundi mmoja husimama nje na nyundo ya hewa. Mwenzake hupenyeza mkono ndani hadi begani, ameshika kipande kizito cha chuma, akakikaza nyuma ya ribiti ili ncha yake ibonyee na kufumbata bati. Hawaonani. Wanasemezana tu: tayari, piga, basi. Chuma kikiteleza, ribiti hulala upande. Nyundo ikihama, bati hubaki na kovu lenye umbo la mwezi mwandamo, ambalo hakuna rangi inayolificha vizuri. Ndege ya viti viwili aina ya RV-7, inayouzwa kwa vipande na kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, ina maelfu ya ribiti, na mjenzi wa kawaida hutumia saa 1,500 au zaidi kabla haijawa tayari kuruka. Kwa saa zote hizo, huyo mwenzake anatoka wapi?

Mara nyingi anatoka klabuni.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza sheria ya Marekani inayomruhusu raia kujenga ndege yake mwenyewe, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Sheria hiyo humpa mtu ruhusa. Haimpi mtu wa kumshikia chuma, wala jicho la pili la kuona bolti aliyoisahau. Hayo yalibidi yaundwe na wajenzi wenyewe, na namna walivyoyaunda ni habari ya kupendeza kuliko sheria yenyewe.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mtu aliyejenga ndege nyumbani alikuwa karibu peke yake. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa yamemfungia mlango, na Oregon lilikuwa miongoni mwa machache yaliyouacha wazi. Mwaka 1947 George Bogardus, mwana wa Oregon, alirusha ndege yake ndogo ya kiti kimoja, Little Gee Bee, kutoka pwani ya magharibi hadi mji mkuu, Washington. Alikuwa anakwenda kuwaonyesha wakubwa wa serikali, kwa macho yao, kwamba ndege iliyojengwa na raia inaweza kuvuka bara. Leo ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Juhudi kama zake ndizo zilizozaa kundi la kisheria la ndege za majaribio zinazojengwa na watu binafsi.

Ruhusa ilipopatikana, chama kilifuata upesi. Tarehe 26 Januari 1953, watu thelathini na kitu walikutana katika kiwanja cha ndege cha Curtiss-Wright mjini Milwaukee, Wisconsin, kwa wito wa Paul Poberezny, rubani wa jeshi aliyejifunza kuruka utotoni kwa kukarabati ndege ya kuelea isiyo na injini aliyopewa na mwalimu wake ikiwa imevunjika. Chama kiliitwa Experimental Aircraft Association, na wengi hukiita EAA. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya Poberezny, na mkewe Audrey ndiye aliyebeba mzigo wa barua na jarida. Mwaka 1955 gazeti la ufundi la Mechanix Illustrated lilichapisha makala za Poberezny za jinsi ya kujenga ndege iitwayo Baby Ace kwa chini ya dola 800, injini ikiwemo. Barua zikamiminika kutoka kila pembe ya nchi.

Tatizo la umbali lilikuwa limejitokeza mapema zaidi. Fundi wa California hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 2,500 hadi Milwaukee kila mwezi kwenda kuuliza habari za gundi. Ray Stits, mbunifu aliyekuwa na karakana katika kiwanja kidogo cha Flabob karibu na mji wa Riverside, alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa ndege ndogo kupita kiasi. Sky Baby, aliyoibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa na mabawa yenye upana wa futi 7 na inchi 2 tu kutoka ncha hadi ncha. Stits alitaka wenzake wa California wawe na chama chao hapo hapo, chini ya mwavuli wa EAA. Mwaka ule ule wa kuanzishwa kwa EAA, 1953, likazaliwa Tawi Namba 1, na bado liko Flabob. Leo matawi yamepita 900, nje ya Marekani pia, na karibu kila moja limefuata mtindo ule ule: kiwanja kidogo cha ndege, banda moja na kikao cha kila mwezi.

Uendeshaji wa tawi, ukiutazama kwa karatasi, haupishani sana na wa chama chochote cha kijamii. Kuna mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina. Kuna ada, kuna bima, kuna ripoti ya kila mwaka inayopelekwa makao makuu. Wanachama wanaotaka kumiliki ndege kwa pamoja na kuirusha kwa zamu huunda chombo kingine, chenye katiba na bima yake, ili ajali moja isimeze chama kizima. Fedha hutoka zaidi jikoni: asubuhi ya Jumamosi tawi hupika chapati za maji na mayai, marubani wa viwanja vya jirani huja na ndege zao kula, majirani huja na watoto kutazama, na kisanduku cha michango hujaa. Mtu anaweza kudhani mlo huo ni pambo tu la chama. Sivyo. Mezani ndipo kijana aliyekuja kutazama anapokaa karibu na mzee mwenye ndege iliyofika nusu, na wiki inayofuata huyo kijana ndiye anayeshika chuma ndani ya bawa.

Mali kubwa ya tawi si fedha bali vifaa ambavyo mtu mmoja havitumii zaidi ya mara moja au mbili katika maisha yake: winchi ya kuinulia injini, kifaa cha kusawazisha propela, na mizani.

Siku ya mizani inastahili kuelezwa. Ndege iliyokamilika husukumwa ndani ya banda, milango ikafungwa ili upepo usiguse mabawa, kila gurudumu likawekwa juu ya mizani yake. Kutokana na tarakimu tatu zinazosomwa, mjenzi hupata uzito wa ndege na mahali kitovu chake cha uzito kilipo. Hesabu ni ya kuzidisha na kugawanya tu, lakini watu wawili huifanya kila mmoja kwa karatasi yake, kisha wakalinganisha. Kitovu kikiwa nyuma mno, ndege inaweza kuruka vizuri siku zote hadi siku itakapopunguza kasi kupita kiasi; mabawa yakiacha kubeba, pua inaweza kukataa kuinama, na rubani hana tena la kufanya.

Mtu muhimu kuliko mwenyekiti ni mshauri wa ufundi. Huyu ni mwanachama mwenye uzoefu, aliyejenga au kukarabati ndege, ambaye hutembelea gereji za wenzake bila malipo. Si mkaguzi wa serikali: hana mamlaka ya kumzuia mtu wala muhuri wa kumpitisha. Chama humshauri mjenzi amwite angalau mara tatu, kabla viungo havijafunikwa na mambo hayajawa magumu kurekebishwa. Anaingia na tochi na kioo kidogo chenye mpini. Anatafuta nati isiyo na pini, waya unaosugua ukingo wa bati, bomba la mafuta lililopita karibu mno na ekzosi. Kazi yake ngumu zaidi haiko kwenye chuma. Ni kumwambia mtu aliyetumia likizo zake za miaka sita kwamba tanki lile lazima litolewe tena, na kumwambia kwa namna itakayomfanya amwite mara ya nne.

Mfano mzuri ni kipimo cha mafuta. Wajenzi hutumia kanuni iliyotoka katika sheria za ndege za viwandani: mfumo unaotegemea mafuta kushuka yenyewe kutoka bawani lazima upitishe asilimia 150 ya kiasi ambacho injini inahitaji wakati wa kupaa, wenye pampu, asilimia 125. Kama injini hunywa lita 40 kwa saa, basi bomba la kwanza lipitishe lita 60, la pili lita 50. Kipimo hufanywa pua ikiwa imeinuliwa kama ndege inayopanda, bomba likiwa limechomolewa kwenye kabureta na kuelekezwa kwenye ndoo, mtu mmoja akiwa na saa mkononi. Kazi nzima haimalizi asubuhi moja, na injini inayozimika sekunde chache baada ya kuacha ardhi imewaua watu wengi ambao mafuta yalikuwa tele katika matanki yao.

Baada ya ukaguzi wa serikali na cheti, ndege hubandikwa neno linalotangaza kuwa ni ya majaribio, kwa herufi zisizopungua inchi 2. Kisha kwa desturi huruka saa 25 au 40 mbali na makazi ya watu, kutegemea injini na propela yake, bila abiria. Katika hatua hii tawi humtumia mtu mwingine, mshauri wa urukaji, ambaye huuliza maswali mazito: je, mjenzi huyu aliyekaa gerejini miaka mingi ameruka mara ngapi mwaka huu? Wajenzi wengi huishia kuwa mafundi wazuri na marubani walioota kutu. Mshauri anaweza kumshauri afanye mazoezi kwanza katika ndege ya aina ile ile, au amwachie mwingine safari ya kwanza.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi wa ajali 224 za ndege za nyumbani zilizotokea mwaka 2011. Zaidi ya nusu zilihusu ndege zilizonunuliwa mtumba, na katika ajali 125 za kundi hilo, 14 zilitokea mara ya kwanza mmiliki mpya aliporuka nayo. Kuharibika kwa injini na rubani kupoteza udhibiti ndivyo vilivyoongoza. Tarakimu hizo zinaonyesha wazi mahali pa kuwekea nguvu: mnunuzi wa ndege ya mtumba hakushika chuma, hajui bomba lipi limepita wapi, na mara nyingi hamjui mtu yeyote tawini. Miaka miwili baadaye mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilifungua njia ya kisheria ya rubani wa pili mwenye sifa kuwemo ndani ya ndege wakati wa saa za majaribio, jambo lililokuwa likikatazwa.

Hata kiwanda kizuri hakiondoi haja ya macho mengi. Wajenzi wa RV walilijua hilo mwaka 2023, ilipobainika kuwa baadhi ya vipande vilivyokatwa kwa leza vilikuwa na matundu yanayoelekea kupata nyufa. Watu waliokuwa na masanduku gerejini walilazimika kurudi nyuma na kuchunguza tundu kwa tundu. Desemba mwaka huo kampuni ya Van's iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mwaka uliofuata ikajikwamua.

Halafu kuna watoto. Mwaka 1992 EAA ilianzisha mpango wa Young Eagles, wa kuwarusha bure watoto wa miaka 8 hadi 17. Lengo lilikuwa watoto milioni moja kabla ya tarehe 17 Desemba 2003, yaani miaka 100 kamili tangu ndugu Wright waruke, na lilifikiwa. Mwigizaji Harrison Ford, aliyekuwa mwenyekiti wa mpango huo kwa miaka kadhaa, ndiye aliyemrusha mtoto wa milioni mbili mwaka 2016. Lakini mzigo wenyewe hubebwa na matawi: marubani hulipia mafuta yao, mzazi hutia saini, kila rubani huchunguzwa na kufundishwa jinsi ya kuwalinda watoto. Tawi linaloacha kazi hii kwa kuchoka huzeeka pamoja na wanachama wake, na banda hubaki na ndege za marehemu.

Afrika si mgeni wa mambo haya. Aero Club of East Africa ilianzishwa Nairobi mwaka 1927, na makao yake yako katika uwanja wa ndege wa Wilson. Johannesburg ina tawi la EAA, Namba 322. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kwa wiki tatu, wataalamu wakiwasaidia kazi za injini na umeme. Marubani vijana wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, safari ya takriban kilomita 12,000, wakapita Malawi, Tanzania na Uganda.

Nyumbani kwetu televisheni huonyesha mara kwa mara fundi wa Kenya au Tanzania aliyejenga ndege au helikopta uani kwake, kwa injini ya gari au ya pikipiki, umati ukiwa umemzunguka. Watu hupiga picha, mtangazaji huuliza itaruka lini, kisha habari huisha. Uhodari wa kuchomelea na kubuni unaonekana kwenye picha. Kisichoonekana ni mizani tatu, ndoo ya kupimia mafuta, na mzee mwenye tochi na kioo anayekuja bila kuitwa mara mbili. Vitu hivyo havihitaji kiwanda wala bajeti ya serikali. Vilianza Milwaukee katika chumba cha chini ya nyumba ya mtu.

Sehemu ya tatu itafuata ndege moja ya ribiti tangu sanduku la mkia, ambalo ndilo hununuliwa kwanza, hadi saa ya arobaini ya majaribio.